Kiwanja cha Mahari

Siku Mzee Abubakar alipomdai Zaid talaka ya binti yake, binti mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, anachambua mchele. Alisikia kila neno, na hakuacha kuchambua.

"Miaka mitatu, Bwana Zaid," mzee alikuwa anasema kule sebuleni, kwa sauti yake ileile ya dukani ya kumkatalia mteja bila kumuudhi. "Miaka mitatu na miezi juu. Nilikuozesha kwa heshima zote. Msikiti ulijaa, mtaa mzima wa Kibuli ukala pilau. Nami nikakupa sharti moja. Moja tu! Nikasema nikahi leo, lakini mke utamchukua siku utakayonionyesha paa. Sikusema ghorofa. Nilisema paa."

"Ni kweli, Baba."

"Basi paa liko wapi?"

Nyuma ya pazia Hindu akaokota kijiwe kwenye ungo, akakiweka pembeni pamoja na wenzake. Shamim, dada yake, aliyekuwa amekaa mkekani karibu naye, alimkodolea macho.

"We Hindu! Husikii yanayosemwa humo?"

"Nasikia."

"Na umekaa tu?"

"Ulitaka nifanyeje, dada? Mchele una mawe."

Shamim akapiga kofi moja la mshangao. "Haya makubwa! Mimi nilipoachwa, mtaa wote ulijua kwa kelele zangu. Wewe unaachwa kama mtu anayengoja zamu ya kusuka!"

Wala msije mkadhani Hindu hakumpenda mumewe. Weee! Alimpenda mpaka ikawa aibu kumtazama. Zaid ni fundi wa friji, karakana yake iko Nakawa, na mara ya kwanza aliingia nyumba ile kuja kutengeneza friji ya mama yake Hindu. Alikuja siku nne mfululizo, na jirani mmoja mwenye macho makali aliapa kwamba friji ile ilikuwa mbovu plagi tu. Siku ya nne Hindu alimletea chai, akasahau kutia majani. Zaid akayanywa yale maji ya moto na maziwa yote, akashukuru, akasema haijapata kutokea chai tamu kama ile. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mama mtu alisimama mlangoni akaona, akaguna, akaenda kumtafuta baba.

Ulipofika wakati wa kutaja mahari, mashangazi walingoja wasikie dhahabu. Hindu akasema anataka kiwanja. Dhahabu huuzwa, makochi huchakaa, alisema, lakini ardhi mtu huikuta alipoiacha. Wakacheka, wakasema binti wa muuza vitambaa kajua kupima. Zaid hakucheka. Haikupita miezi miwili, akaleta hati ya kiwanja huko Nakasozi, mbele kabisa ya Kasubi, futi hamsini kwa mia, jina la Hindu limeandikwa juu. Vigelegele vya siku ile vilisikika mpaka hospitali ya Kibuli.

Halafu ndipo ikangojwa nyumba. Mwaka wa kwanza Hindu alilia usiku na kucheka asubuhi. Mwaka wa pili waligombana kwenye simu. Kila akiuliza nyumba imefika wapi, aliambiwa msingi umechimbwa, mafundi wako juu, subiri kidogo mpenzi. Yeye mwenyewe asingeweza kwenda kuangalia, kwa sababu kwao bibi harusi hakanyagi nyumba yake kabla ya kuingizwa. Shangazi walisema ni nuksi. Shuka za harusi zilikunjuliwa, zikaanikwa, zikakunjwa tena. Wanawake wakaanza kumuuliza msikitini kwa ile sauti ya chini ya kumuulizia mgonjwa. Mwaka wa tatu hakulia wala hakugomba. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Simu ikilia, aliangalia jina la Zaid na kuona ni jina tu.

Kule sebuleni Zaid alikuwa anaomba.

"Baba, nipe mpaka Ramadhani."

"Ramadhani ipi? Zimepita tatu." Mzee akashusha pumzi. "Sikuchukii, mwanangu. Lakini huyu Shamim unamwona? Nilimtoa aende kwenye chumba cha kupanga, kwa sababu kijana alikuwa mwema na alikuwa na haraka. Mwenye nyumba akawafungia mlango kwa kufuli, na vyombo ndani. Akanirudia na watoto wawili na shuka moja. Nikaapa sitarudia. Sheria iko wazi. Nyinyi hamjakaribiana, hakuna eda, na nusu ya mahari inarudi kwako. Kiwanja kitakatwa kati. Sheikh anakuja baada ya Magharibi, karatasi utatia sahihi, kila mtu aende na bahati yake."

"Siitaki hiyo nusu," Zaid alisema.

Hapo ndipo Hindu alipouweka ungo chini. Alijitanda vizuri mtandio wake, akapita pazia, akasimama mbele yao. Zaid akainua macho.

Walitazamana. Zamani macho yale yakimwangukia, magoti yalikuwa yanalegea. Leo aliyatazama, akayaona yamezama, akaona shingo imekonda mpaka kola ya shati inaogelea, na akangoja magoti yalegee. Hayakulegea. Alijaribu kuogopa jambo hilo na hata hofu haikuja vizuri.

"Baba," alisema, "nataka kukiona."

"Kuona nini?"

"Kiwanja changu. Kabla hakijakatwa."

Zaid akawa kama kamwagiwa maji ya baridi. "Hindu, hapana. Leo hapana."

"Ni changu au si changu?"

"Ni chako."

"Basi nipeleke."

Mzee Abubakar alimtazama binti yake, akamtazama mkwewe, akauona uso wa mkwewe umebadilika rangi, naye akapenda kujua kuna nini. "Mchukue," alisema. "Kisheria bado ni mkeo. Kabla ya Magharibi awe hapa."

Waliondoka na pikapu ya karakana, friji ya mtu imefungwa kamba nyuma. Wakapita Kasubi. Zaid alimtupia jicho mara tatu, na mara zote tatu alimkuta anatazama mbele.

"Umekonda," Hindu alisema mwishowe.

"Kazi."

"Wanasema una mke Nakawa."

"Nani kasema?"

"Watu. Wanasema ndiye anayekaa kwenye nyumba yangu."

Zaid akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Ningekuwa na mke wa kunipikia, ningekuwa hivi?"

Alingoja Hindu acheke. Zamani asingengoja. Hindu alitazama dirishani, akahesabu maduka ya rangi, akaacha.

Waliacha lami wakaingia barabara ya maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, pana, imeshindiliwa vizuri, ina mitaro pande zote mbili. Ilikwenda kidogo, ikazunguka makaburi ya familia fulani yaliyojengewa kwa saruji, ikateremka karibu na kijito, ikapanda tena. Kulia na kushoto zilisimama nyumba mpya, mabati mekundu, mabati ya buluu, nyingine plasta haijakauka. Nguzo za umeme zilipangika moja baada ya nyingine.

"Mtaa mzuri," Hindu alisema.

"Ee."

Mwanamke mmoja mnene aliyekuwa anaanika kitenge kwenye kamba aliiona pikapu akaja mbio mpaka katikati ya njia, mikono juu. Zaid ikabidi asimame.

"Fundi Zaid! Leo unatuletea bibi?"

"Ndiye huyu, mama."

"Ah! Mungu asifiwe!" Akaingiza mkono wake wenye maji dirishani, akaushika wa Hindu. "Mama, miye ni Marie-Louise, mutu wa Bukavu. Siye yote hapa tunamujua bwana yako. Mutu muzuri sana! Barabara hii ni yake. Maji tunakunywa ni yake. Umeme ni yake. Kila siku tunasema, na nyumba yake iko wapi? Bibi yake atakuja lini? Kumbe ni weye! Karibu sana nyumbani."

"Asante, mama," Hindu alisema. Pikapu ikaondoka. "Anamaanisha nini huyu?"

"Tufike kwanza."

Wakafika. Barabara iliishia pale. Zaid alizima gari, lakini hakushuka. Alishika usukani kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, kwa hiyo Hindu alifungua mlango wake mwenyewe, akashuka, akakanyaga mahari yake kwa mara ya kwanza.

Palikuwa na majani yaliyofyekwa vizuri. Palikuwa na bomba la maji limesimama kwenye kijiguzo chake cha zege, na kisanduku cha mita kilichopakwa rangi ya kijani. Pembeni ilisimama nguzo ya umeme, ya mwisho katika zile zote, na juu yake balbu inawaka mchana kweupe. Jiwe la mpaka huku, jiwe la mpaka kule. Msingi hakuna. Tofali hakuna, hata lile la kukalia.

Hindu alizunguka kiwanja chote taratibu, kwa viatu vyake vya kuendea mjini, mpaka akarudi pale alipoanzia. Alikwenda kwenye bomba, akafungua. Maji yakatoka kwa nguvu, safi, yakamrukia sketi. Akafunga.

"Zaid," aliita. "Shuka unieleze."

Akashuka, akaja akasimama hatua tatu kutoka kwake, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu.

"Siku dalali aliponileta hapa," alianza, "pale kwa jirani palikuwa na msiba. Mzee wao kafa. Na unawajua Waganda wakifiwa. Wamefyeka kichaka, wameng'oa ua, magari yanaingia na kutoka, watu kwa mamia. Dalali akanipitisha mlemle katikati. Mimi na kanzu yangu, nimetoka swala ya Ijumaa. Watu wakanipisha, wakaniambia asante kwa kuja, wakadhani nimekuja kuzika. Nikaona njia pana, magari mawili yanapishana. Nikaona haya kuuliza njia hii ni ya nani, na maiti iko ndani. Nikatoa pole, nikaacha na rambirambi yangu, nikaenda kununua kiwanja."

"Halafu?"

"Halafu matanga yakaisha. Siku nakuja na lori la kwanza la tofali, nakuta ua umerudishwa na migomba imepandwa. Ilikuwa njia ya matanga, Hindu. Njia ya magari haikuwepo. Hatini haimo. Kiwanja chako kilikuwa kimezibwa pande zote nne."

Watu husema penye nia pana njia. Maskini Zaid, nia alikuwa nayo debe zima!

"Na tofali?"

"Niliziuza palepale, juu ya lori. Mjane wa yule mzee alikubali kuniuzia njia, lakini isipite karibu na makaburi. Ana haki. Basi ikabidi izunguke. Ikizunguka inapita kijitoni, kijitoni lazima makalavati na maramu, lori baada ya lori. Nikasema sasa nimemaliza. Nikaenda kwa watu wa umeme. Wakaniambia uko mbali, nguzo utanunua mwenyewe. Njia ingenyooka ningehitaji tatu. Kwa kuzunguka, nane. Nikasema sasa nimemaliza. Maji nayo, bomba kubwa liko ng'ambo ya lami, na katikati tukakuta mwamba. Mimi na vibarua tulipasua mwamba ule miezi miwili kwa nyundo. Kila mara nilisema hili ndilo la mwisho, likiisha hili natia msingi."

"Na nyumba za hawa?"

"Barabara ikishafunguka, watu wananunua pembeni. Nguzo ikishasimama si yangu tena, mtu anavuta waya wake tu. Mwaka hauishi, ana paa."

"Na wewe unawatazama."

"Nifanyeje? Nimnyime mtu maji? Mama Marie-Louise ana watoto watano."

Hindu alisikia kitu kinajaribu kupanda kifuani mwake, huenda ilikuwa hasira, huenda kicheko, kikafika nusu ya njia kikarudi. Aliongea kwa sauti ileile tambarare.

"Uliniambia msingi umechimbwa."

"Ulikuwa mtaro wa bomba."

"Uliniambia mafundi wako juu."

"Walikuwa juu ya nguzo."

"Loo! Zaid!"

"Najua."

"Uliniuliza nataka vigae rangi gani! Nikakaa wiki nzima nachagua. Nikakwambia rangi ya maziwa. Ukasema sawa."

"Nilipenda kukusikia unachagua," Zaid alisema. "Hicho ndicho kilichokuwa kinanilaza usingizi. Nilitaka nikuletee nyumba, Hindu. Nikuletee hadithi za mitaro? Baba yako angeniona mwanamume gani, anayenunua shamba lisilo na mlango?"

"Mficha uchi hazai."

"Najua. Wala sikuzaa."

Upepo ulipita kwenye majani. Kule chini Marie-Louise alikuwa anamwita mtoto wake kwa jina, Tresor, Tresor, na mtoto haitiki. Zaid alifuta uso kwa mkono wa shati.

"Sikiliza," alisema. "Nimefikiri njia nzima. Leo Sheikh akija nitatia sahihi. Sitakusumbua. Ile nusu yangu nakusamehe, iandikwe hivyo, kiwanja chote kibaki chako. Sasa kina barabara, kina maji, kina umeme. Bei yake si ile tena, muulize mtu yeyote. Kiuze ufungue duka lako mwenyewe, usimame. Utaolewa na mtu aliyekwisha kujenga. Mimi nitajua kwamba angalau nilikupa kitu."

Hapo Hindu alimtazama kwa muda mrefu, si usoni, mikononi. Ilikuwa mikono ya mtu wa sururu sasa, si ya fundi wa friji. Kucha mbili zilikuwa nyeusi. Alifikiri, huyu mtu alishika nyundo akapasua mwamba kwa ajili yangu, na mimi nikakaa Kibuli nakunja shuka. Aliwaza hivyo bila uchungu, kama anayesoma habari za watu wengine.

"Unalala wapi?" aliuliza.

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa?"

"Nakawa. Nyuma ya karakana. Chumba kimoja."

"Kina kitanda?"

"Kina."

"Dirisha?"

"Dogo. Linatazama ukuta."

"Mlango unafungika?"

"Unafungika. Komeo nilitia mwenyewe. Kwa nini unauliza?"

"Mbona hukuniomba nije?"

"Baba yako alisema paa."

"Najua Baba alisema nini. Mimi nilisema nini?"

Akafikiri. Kweli akafikiri, akatafuta kwenye miaka yote mitatu. "Hukusema kitu," alijibu polepole.

"Kwa sababu hukuniuliza. Tumeoana, Zaid. Tumeoana mbele ya mashahidi. Siku yoyote ungeniita, ningekuja. Mwaka wa kwanza ule, ungesema tu njoo, ningetoka Kibuli mpaka Nakawa kwa miguu, na godoro kichwani. Ningelala hata juu ya friji za watu."

"Ningekuomba uje kwenye chumba kinachonuka gesi? Wewe?"

"Ungeniomba."

"Ningeona aibu."

"Ungeona aibu huku niko na wewe. Umeona aibu peke yako miaka mitatu, imekufaa nini?" Kisha akasema lililokuwa zito zaidi, kwa kuwa haki ni haki. "Na mimi vilevile. Nami nilikuwa na miguu. Nilikuwa na mdomo. Nilikaa nangoja kuingizwa, kama kabati."

Walisimama hivyo, mume na mke, juu ya futi hamsini kwa mia za ardhi yenye kila kitu isipokuwa nyumba. Jua lilikuwa limeanza kulalia upande wa Wakiso. Mtu angewapita angedhani wanagombea mpaka.

"Niombe sasa," Hindu alisema.

"Nini?"

"Niombe sasa. Nataka kusikia unavyosema."

Zaid akaiweka mikono nyuma. Akasema kwa sauti ya chini sana, "Hindu, njoo. Sina kitu. Njoo tu."

Hindu akasikiliza ndani yake. Alisikiliza kwa uaminifu, kama mtu aliyeweka sikio mlangoni. Maneno haya aliyangoja mpaka akachoka kuyangoja, na sasa yalikuwa yamefika, na ndani hapakuinuka mtu kwenda kufungua.

"Sitakudanganya," alisema. "Tumedanganyana vya kutosha. Nakutazama sihisi kitu. Si chuki, si mapenzi. Sijui yamekwenda wapi."

Zaid aliitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Basi twende nikurudishe. Magharibi inakaribia."

"Sijamaliza."

"Hindu, usinionee huruma."

"Hata hiyo sina." Akasogea zile hatua tatu zilizokuwa kati yao. "Ukikalia mguu muda mrefu unakufa ganzi, sivyo? Unaugusa, huoni kama ni wako. Sasa wewe umesikia mtu amekata mguu kwa ajili ya ganzi?"

"Hapana."

"Hufanyaje?"

"Husimama juu yake."

"Basi."

Zaid alimtazama, haelewi, au anaelewa na anaogopa kuelewa. Hindu alikuwa amekwisha kutoa simu kwenye mkoba. Akapiga. Baba yake alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Mmefika wapi? Sheikh ametangulia kuja, yuko hapa."

"Baba, mwambie Sheikh arudi nyumbani. Talaka siitaki."

"Umesemaje?"

"Naenda kwa mume wangu. Leo."

"Ahaa! Kumbe nyumba iko!" Sauti ya mzee ilijaa matumaini ghafla, mpaka ikawa vigumu kumjibu. "Umeiona? Ina paa?"

"Hakuna nyumba, Baba. Hakuna hata tofali."

Hindu aliusikia upepo wa feni ya sebuleni, akasikia Shamim anauliza kwa mbali, anasema nini, anasema nini? Alijua yanayokuja. Alijiandaa kwa laana, kwa jina la familia, kwa watu watasemaje. Alikuwa tayari kuyapokea yote, kwa kuwa ganzi nayo ina faida yake.

"Dada yako naye alisema hivihivi," mzee alisema mwishowe. "Kwa maneno hayahaya."

"Najua, Baba."

"Mimi nilitaka tu usinyeshewe, mwanangu."

"Najua."

Kisha Mzee Abubakar akakohoa, na aliposema tena ilikuwa si sauti ya dukani. Ilikuwa sauti ambayo Hindu hakuwa ameisikia tangu utoto, alipokuwa na surua.

"Lakini umeondoka hivyohivyo," alisema. "Hukuchukua hata nguo ya kulalia. Usiku huu kuna baridi. Utalala na nini?"

Na hapo ndipo yalipomjia. Hayakuja taratibu. Yalimpanda kutoka tumboni, miaka mitatu yote kwa mpigo, shuka na vigae na chai isiyo na majani, mpaka magoti yakamwacha akachuchumaa palepale kwenye majani, simu sikioni, akalia kwa sauti kama mtoto. Lo, jinsi ilivyouma! Alishika kifua kwa mkono mmoja. Zaid alichuchumaa mbele yake, hajui amshike au asimshike.

"Nini? Amekutukana? Hindu, nini? Nikurudishe?"

Hindu alitikisa kichwa. Alimshika mkono ule wenye kucha nyeusi, akaukamata kwa nguvu mpaka Zaid akakunja uso.

"Washa gari," alisema.